Maswali na majibu: Majina ya waliotutangulia

Katika safu iliyopita niligusia kidogo tu kwamba nilikwenda nyumbani kupalilia makaburi ya wazee wangu. Mstari ule mmoja umeleta barua nyingi kuliko yote niliyoandika mwaka huu. Nimechagua nane, na baadhi nimezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Kila Desemba tukienda Moshi, baba mkwe humwaga mbege, pombe ya ndizi, chini ya migomba kabla hatujanywa. Mimi ni mlokole na roho yangu inasita. Huku si kuabudu mizimu?
*Mke wa Mchagga, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Ngoja nikusimulie nilichokiona kwetu. Baba yangu alishika kata ya mbege, akavua kofia, akaingia kihambani, shamba letu la migomba la nyumbani, hadi kwenye masale (moja huitwa isale), mimea ya heshima kwetu Wachagga, yaliyozunguka makaburi. Sisi watoto tulisimama nyuma yake, kimya. Akamimina kidogo, povu likazama kwenye majani makavu ya migomba, akataja jina. Akamimina tena, jina jingine. Majina tisa, kuanzia la baba yake kurudi nyuma. Kisha akawapa habari za nyumbani kama vile anamweleza mtu aliyekuwa safarini: fulani ameoa, ng'ombe amezaa, mvua imechelewa, ndugu wawili waliogombea mpaka wamepatana. Mwisho tukanywa. Jumapili yake alikuwa kanisani, anaimba kwaya.

Wazee husemeshwa kama wazee. Hupewa salamu, hulalamikiwa, na nimewahi kumsikia mzee mmoja akiwagombeza kabisa kwa ukame. Mungu hagombezwi. Hapo ndipo ninapoona mpaka kati ya kuenzi na kuabudu.

Swali lako si geni. Kanisa Katoliki lilibishana kuhusu jambo hilihili kwa zaidi ya miaka 200 kwa sababu ya Wachina, ambao huinama mbele ya vibao vyenye majina ya wazee wao. Mwanzoni mwa karne ya 18 Roma iliwakataza waumini wa China, na mwaka 1939 ikawaruhusu, ikisema ile ni heshima ya kijamii. Najua walokole wengi hawatakubaliana na uamuzi huo, na dhamiri yako ni yako. Kama kumwaga kunakukwaza, usimwage. Mwambie baba mkwe mapema, kwa adabu, mkiwa wawili, usingoje wageni wajae. Lakini simama pale usikilize majina, maana ni majina ya damu ya wanao.

Na kama siku moja ataletwa mganga akadai mbuzi mweusi na kumtaja jirani kuwa mchawi, hilo likatae waziwazi. Huo ni utapeli uliojificha nyuma ya wazee.

Shikamoo Mwalimu. Tunasikia madai ya mafuvu yaliyochukuliwa na Wajerumani. Zaidi ya miaka 100 imepita, na ile ni mifupa tu. Si bora nguvu hiyo ijenge zahanati?
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba. Anza na hapohapo kwenu. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani. Walipoukuta mwili wakakata kichwa, kikapelekwa Ujerumani. Wahehe hawakuacha kukidai. Fuvu hilo likaingia hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza Vita ya Kwanza ya Dunia: kifungu cha 246 kiliiagiza Ujerumani kukabidhi fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6. Ikapita miaka 35. Mwaka 1954 Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilileta Kalenga, akalikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Kama hujafika Kalenga, nenda. Si mbali na mjini.

Njoo sasa Old Moshi. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na wajukuu wanaamini kichwa chake nacho kilivushwa bahari. Mjukuu wake, mzee Isaria Anael Meli, amekitafuta kwa miongo kadhaa na hata kutoa sampuli ya vinasaba. Berlin kulikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda na kama 200 ya Tanzania. Septemba 2023 watafiti wa huko walitangaza kwamba matatu kati yake yamepata jamaa walio hai hapa nchini. Moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na wazao wa akida huyo, mshauri wa Mangi Meli, wakapatikana. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Fikiria neno hilo moja juu ya mfupa. Mamia ya mengine yana namba. Mtu aliyekuwa na mke, mashamba, wimbo alioupenda na watoto waliomwita baba, kwa zaidi ya miaka 100 alikuwa namba kwenye rafu. Kwao matanga hayajaanuliwa. Wewe ukifiwa na baba, ukaambiwa mwili haupo, je, zahanati mpya ingekutosha? Zahanati tuidai kwa serikali kila siku, nami nitadai pamoja nawe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha mbele ya wazao wa Chifu Songea Mbano wa Wangoni, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu lake. Sikudhani ningeishi kuisikia siku hiyo. Nililia, na mimi si Mngoni.

Mwalimu, mama mkwe anataka kijana wetu wa kwanza aitwe jina la babu yake. Mimi nina jina zuri la kisasa nimeshalichagua. Nifanyeje?
*Mama mtarajiwa, Nyeri*

Hongera, mwanangu. Unajua kuliko mimi kwamba kwa Agĩkũyũ jina hilo lina mwenyewe tayari: wa kwanza wa kiume ni wa babu mzaa baba, wa pili wa babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Ukiliruka, mama mkwe ataona umemfungia mumewe mlango. Kwa hiyo mpe mtoto yote mawili. La kisasa utalitumia wewe, na la babu utashangaa litakavyofanya kazi. Bibi atamwita kitoto kile "mume wangu", atamtania, atamdai kuni na nyama, na katikati ya utani huo mtoto atajua mzee yule alitembeaje, alikuwa mkali wa nini na alipenda kula nini. Hakuna shule inayofundisha hivyo.

Shikamoo Mwalimu. Babu yangu alimpiga bibi miaka yote ya ndoa yao. Bibi bado yu hai. Kila mwaka ukoo unakusanyika kumsifu babu, nami nashindwa kukaa. Ni lazima nimheshimu?
*Mjukuu, Mwanza*

Marahaba, na pole sana. Barua yako niliisoma mara tatu.

Si lazima umsifu. Kumkumbuka mtu ni kumkumbuka alivyokuwa, na ukoo unaomkumbuka nusu unamdanganya mjukuu. Lakini nisingependa umfute kabisa, maana ukimfuta yeye unafuta na yale aliyopitia bibi yako.

Kwetu mlimani Kilimanjaro aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale, na anayepokea isale ni vigumu sana kukataa kusamehe. Marehemu hawezi kuleta isale. Ukoo wake unaweza. Huko kwenu mna desturi zenu za kupatanisha, waulize wanaozijua. Zungumza na baba au shangazi mmoja mwenye moyo, mwende kwa bibi kabla ya mkusanyiko ujao. Mkae chini yake, mtaje yaliyotendeka kwa maneno yake halisi, mmwombe radhi kwa niaba ya nyumba. Asiposamehe, ni haki yake, na msimsukume. Siku ya mkusanyiko, anayetoa historia aanze na jina la bibi. Kama watakataa hata hilo, siku hiyo baki naye nyumbani, mpikie uji, mwombe akusimulie utoto wake.

Mwalimu, mume wangu anasema akifa azikwe kwenye shamba letu Kitengela. Ndugu zake wanasema Mluo harudi kwao akiwa jina tu. Nifuate lipi?
*Mke, Nairobi*

Dada yangu, Kenya nzima iliwahi kusimama kwa swali hili. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake Wambui alitaka kumzika karibu na Ngong, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ikaupa ukoo ushindi, akazikwa Mei 1987, mwili ukiwa umekaa miezi mitano ukingoja.

Naelewa ukoo. Mtu akizikwa alipozaliwa, atakayepita na jembe kesho ni ndugu yake, atamtaja hata bila kukusudia. Lakini mimi naona mjane yule alinyimwa haki, na neno la mtu kuhusu mwili wake linapaswa kuwa zito kuliko la binamu zake. Tofauti yako ni kwamba mumeo yu hai. Usibebe wewe maneno yake. Aende Siaya au Kisumu mwenyewe, akae na kaka zake, aseme kwa kinywa chake, kisha aandike mbele ya mashahidi. Na awaahidi kitu: udongo wa nyumbani uje kaburini, au watoto wapelekwe kila mwaka kwenye makaburi ya babu zao.

Wanaosema hitima na arobaini za marehemu ni bidaa, yaani uzushi katika dini, wameongezeka mtaani. Niache?
*Msomaji, Tanga*

Hilo ni la masheikh, na wenyewe wametofautiana, muulize unayemwamini. Langu ni moja tu: usikope kwa ajili ya pilau. Nimeona wafiwa wakilipa deni la mchele mwaka mzima, wakati marehemu alihitaji dua, na dua haina bei.

Shikamoo. Babu zangu walitoka Unguja. Mimi nimezaliwa Muscat na wanangu pia. Najua majina ya kiume hadi kizazi cha saba kwa sababu ya "bin", lakini sijui jina la bibi mzaa bibi yangu. Nianzie wapi?
*Baba wa watatu, Muscat*

Marahaba, ndugu yangu. Umegusa kidonda changu mwenyewe. Nimeeleza hapo juu kwamba baba yangu alitaja majina tisa. Alipofariki nilikaa na daftari nikaandika, nikaishia sita. Nilikuwa nimesimama pale kila mwaka, nikitazama povu na kusubiri zamu yangu ya kunywa. Matatu yamekwenda. Na hata yale tisa yote yalikuwa ya wanaume.

Profesa John Mbiti wa Kenya aliandika kwamba aliyekufa hubaki miongoni mwetu maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho kumjua akiondoka, naye anazama katika Zamani. Kwa hiyo wewe una saa, na saa hiyo ni mwanamke mzee zaidi katika jamaa zenu, awe Muscat au Ng'ambo ya Unguja. Mpigie wiki hii. Usimwulize "nitajie nasaba", atachoka. Mwulize nani alimfundisha kupika, nani alimsuka, alilelewa nyumba ya nani, nani alimzalisha mtoto wa kwanza, somo wake, yaani kungwi, alikuwa nani. Wanawake wako humo jikoni na ukumbini, hawako kwenye "bin". Rekodi sauti kwa simu, na mwanzoni kabisa utamke tarehe na jina lake kamili. Kisha andika, na watoto wako waandike nakala kwa mkono wao.

Mwalimu, tujengee kaburi la baba kwa sementi na vigae, au tupande masale kama zamani?
*Ndugu wanne, Rombo*

Fedha ikiwepo, jengeni. Sina ugomvi na sementi. Ila nimesimama Kunduchi kwenye makaburi ya nguzo ya wazee wa Pwani, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupambwa kwa bakuli za China, kazi ya fahari kweli, na mengi leo hakuna ajuaye ni ya nani. Kwa hiyo jina lichongwe ndani ya jiwe lenyewe, maana rangi haimalizi masika mawili. Na masale mpande vilevile, pembe nne. Kateni vipande vya shina lililokomaa, urefu wa mkono hivi, mvua za Machi zikianza, mkavichomeke udongo ukiwa na unyevu. Kila mmoja wenu apande kona yake, na mwenye watoto aje nao.