Si mkuki wa Mirambo, mwanangu

SWALI: Shikamoo mzee. Nikichimba shimo la choo hapa Urambo, Tabora, nilipofika kimo cha kiuno nilikuta chuma chenye umbo la moyo na mkia mrefu. Jirani anasema ni mkuki wa askari wa Mirambo, yule mtemi wa Wanyamwezi. Balozi wa nyumba kumi anataka nikikabidhi polisi, na mke wangu hataki kilale ndani. Ni silaha kweli? Nimeshanunua msasa nikisafishe.

JIBU: Marahaba. Kwanza weka msasa chini. Picha yako nimeitazama kwa miwani na bila miwani: hilo ni jembe. Huko Urambo kila chuma chenye kutu hubandikwa Mirambo, naye amelala tangu 1884, hawezi kukanusha.

Mkuki huwa na mgongo katikati, na makali yake yanalingana pande zote mbili. Lako ni bapa, ncha imekuwa butu, na bega la kulia limelika kuliko la kushoto. Vita havili chuma namna hiyo. Huyo alikuwa mtu wa matuta, akivutia udongo upande uleule masika baada ya masika. Huo mkia uliomtisha balozi ulipenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Mpini wameshakula mchwa, jembe likabaki uchi, ndiyo maana hamkulitambua.

Bibi yangu alikuwa nalo moja mvunguni. Hakulima nalo; lilikuwa moja ya majembe ya mahari yake, baba yake akamwachia. Siku moja nilipanda nalo basi nikamwonyeshe kaka yangu. Kondakta akanipokonya, akalifungia kwenye buti pamoja na kuku, eti silaha! Abiria wa mbele yangu alikuwa na panga jipya limefungwa gazeti, hakuulizwa.

Pangusa udongo kwa brashi kavu, kisha paka mafuta kidogo. Wa vyuma chakavu akija, mwambie hapana: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na umri hausomeki kwenye kutu. Mpelekee afisa utamaduni wa wilaya, umweleze ulichimba wapi na kina gani.

Balozi naye mwite, mpe alishike, apitishe kidole kwenye lile bega la kulia. Kama amewahi kulima, atalijua.