Magurudumu ya baiskeli ya mbio kwa sisi wepesi: upepo kwanza, gramu baadaye

Mtu wa kilo 50 akiulizia magurudumu mepesi, mara nyingi hupewa jibu la mtu wa kilo 80. Ataonyeshwa rimu za kaboni zenye kina cha milimita 50, yaani kutoka ukingo wa tairi hadi pale spoki zinapoingia, ataambiwa ndizo wanazotumia mabingwa, kisha atatajiwa uzito kana kwamba hakuna kingine cha kuangalia. Mimi ni wa kilo hizo 50, kimo changu ni kifupi, na naendesha Mombasa na viunga vyake mwaka mzima. Kwa mwili kama huu, hapa Pwani, la kwanza kuulizia ni upepo. La pili ni chumvi. Gramu zinafuata nyuma.

Upepo wa ubavuni huipiga rimu kwa nguvu ile ile, awe juu yake mtu wa kilo 50 au wa kilo 90. Ila yule mzito ana mwili wa kuituliza baiskeli, sisi hatuna. Tena gurudumu la mbele ndilo linalogeuka, kwa hiyo rimu yenye kina ikisukumwa, usukani nao unavutwa. Daraja la Mteza, kwenye barabara ya Dongo Kundu, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na huko juu hakuna nyumba wala mnazi wa kukukinga. Kusi ikishakolea, katikati ya mwaka, hapo ndipo utakapojua kama rimu zako zinakufaa. Kibaya zaidi ni trela la kontena likikupita: kwa sekunde chache linakukinga, mikono inalegea, halafu likishapita upepo wote unakurudia kwa mkupuo mmoja. Mwili mwepesi hapo husogezwa hatua nzima kabla hujajua kimetokea nini.

Ushauri wangu ni huu: gurudumu la mbele, kina kisizidi milimita 30. Nyuma unaweza kufika 40, maana gurudumu la nyuma haligeuki na sehemu kubwa ya uzito wako iko juu yake. Si lazima jozi ifanane.

Utaambiwa kwamba barabara ya Malindi ni tambarare, na kwenye tambarare rimu yenye kina husaidia kuliko rimu nyepesi. Ni kweli, sibishi. Lakini faida hiyo unaipata ukiwa umeinama na mikono imetulia. Ukiwa umenyanyua mgongo, vidole viko kwenye breki na unapepesuka kuelekea kwenye matatu, faida imeshakwenda. Nawaona wepesi wenzangu wakirudi kutoka Kilifi msimu wa kusi, mabega yanawauma kwa kung'ang'ania usukani, nao wanadhani hawajafanya mazoezi ya kutosha. Inaniuma, kwa sababu mazoezi wanayo.

Sasa gramu, maana nazo zina hesabu yake. Chukua mtu wa kilo 50, baiskeli na maji kilo 10, jumla kilo 60. Ukibadilisha jozi ya gramu 1,900 iliyokuja na baiskeli ukaweka nzuri ya gramu 1,500, umepunguza gramu 400, yaani kama asilimia 0.7 ya mzigo wote. Kwenye mlima wa dakika 20, kwa nguvu zile zile za miguu, utaokoa sekunde kama 8. Mtu wa kilo 85 kwenye mlima huo huo ataokoa kama 5. Kwa hiyo mwepesi ndiye anayefaidi zaidi, hasa akipenda kupanda Kwale na Shimba Hills. Kisiwani kwenyewe, ambako mlima wetu mkubwa ni mgongo wa daraja, sekunde hizo huzioni. Unachokihisi ni kuondoka kwenye mataa na baada ya matuta, gurudumu linavyoitika upesi.

Na kama pesa ni kidogo, anzia kwenye tyubu na matairi kabla hujagusa rimu. Tyubu ya kawaida ya mpira ina gramu kama 100; ya TPU, aina ya plastiki laini, inakaribia 40. Kwa jozi unaondoa zaidi ya gramu 100 pale pale ukingoni mwa gurudumu, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na rimu mpya. Tahadhari moja: TPU haikubali gundi na kiraka cha kawaida cha fundi wa kando ya barabara, inataka kiraka chake. Beba ya akiba.

Kwenye spoki ndipo wepesi wetu unapokuwa neema. Mtu mzito anahitaji spoki 28 au 32 ili gurudumu lisiyumbe. Sisi 20 mbele na 24 nyuma zinatosha, tena zile nyembamba katikati, milimita 2.0 kwenye ncha na 1.5 katikati, kama Sapim Laser au DT Swiss Revolution, ambazo mzito angezilalamikia kwa kulegalega. Chagua spoki za kawaida zenye shingo iliyopinda, maana za kampuni moja pekee zikikatika utasubiri mzigo kutoka nje huku baiskeli imetundikwa ukutani. Na spoki zikiwa chache, moja ikikatika gurudumu hupinda kiasi cha kugusa fremu. Kwa hiyo weka za akiba za kila urefu; nyuma, upande wa gia na upande wa pili mara nyingi hazilingani.

Chumvi sasa. Fundi mmoja wa Majengo aliniwekea kiganjani nati za spoki alizozitoa kwenye gurudumu la mteja. Zilikuwa za aluminiamu, zimeota unga mweupe. Akashika nyingine iliyokuwa bado kwenye rimu, akaizungusha kidogo tu kwa spana, ikakatika, kichwa kikabaki ndani. "Dada, hizi ni za watu wa bara," akaniambia. "Sisi huku tuweke shaba." Aluminiamu ikikutana na chuma cha pua mahali penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na rimu ikiwa ya kaboni inaliwa haraka zaidi. Kwa spoki 44, nati za shaba zinaongeza gramu kama 30 tu. Hizo gramu 30 zilipe bila kusita.

Habu nazo, yaani vitovu vya magurudumu, ziangalie kwa jicho hilo hilo. Nazipendelea zenye beringi za namba za kawaida, kwa mfano 6902, ambayo ni milimita 15 kwa 28 kwa 7. Ukiwa na namba unaingia duka lolote zuri la beringi za mashine, si lazima liwe la baiskeli. Usioshe kwa mashine ya presha ya kuoshea magari. Maji ya ndoo na kitambaa yanatosha, kisha kausha.

Presha ya tairi ikikosewa huharibu raha ya magurudumu mazuri kuliko kitu kingine chochote. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, wala si kiwango cha kujaza. Kwa kilo 50 na tairi la milimita 28, anzia psi 55 mbele na 60 nyuma. Kwa la 25, ongeza kama 10. Ukijaza 100, gurudumu jepesi litarukaruka kwenye viraka vya lami, na mikono itakufa ganzi kabla hujafika Mtwapa.

Wafupi sana wataulizia magurudumu madogo ya 650c, ambayo kwenye tairi huandikwa 571, kipenyo cha rimu kwa milimita. Kwa fremu ndogo yanasaidia kweli, vidole vya mguu havigusi gurudumu la mbele ukikata kona. Hata hivyo matairi yake hapa ni ya kutafuta kwa tochi, wakati ya 700c, yaani 622, yanapatikana mpaka kwenye baiskeli za mtumba. Mimi ningebaki na 622 na kununua kranki fupi, ile mikono inayoshika pedali.

Ukiagiza jozi kutoka nje, mtajie muuzaji uzito wako, aina ya breki, upana wa ekseli na idadi ya gia zako za nyuma. Kisha muulize nati ni za nini na beringi ni namba gani. Asiyeweza kukujibu hayo mawili, tafuta mwingine.