Maswali na Majibu: Bad Brains na Waimbaji Waliokuja na Kuondoka

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu bendi moja, Bad Brains ya Washington nchini Marekani, na karibu zote zinauliza jambo lilelile kwa njia tofauti: nani alikuwamo, nani aliondoka, na kilichomwondoa ni nini. Nimeziunganisha zile zinazofanana na kuzifupisha zilizokuwa ndefu.

Bendi hii ilianzishwa na nani, na je, ni kweli kwamba hapo mwanzo haikuwa bendi ya panki? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli. Panki ni roki fupi, ya haraka na yenye makelele, lakini wao hawakuanzia huko. Mwaka 1976 vijana Weusi kutoka vitongoji vya Maryland vinavyopakana na Washington walikuwa na bendi iliyoitwa Mind Power, na walichokipiga kilikuwa jazi iliyochanganywa na roki, kwa mfano wa bendi za Return to Forever na Mahavishnu Orchestra, yaani muziki wa watu wanaofanya mazoezi kwa saa nyingi na wanaojivunia ufundi wao. Gary Miller, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa jina la Dr. Know, alishika gitaa la solo. Darryl Jenifer alishika gitaa la besi. Earl Hudson alikaa kwenye dramu. Na kaka yake Earl, Paul Hudson, aliyezaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1956 na ambaye ulimwengu wa muziki unamfahamu kwa herufi mbili tu, H.R., naye alianza akiwa mpiga gitaa.

Mtu anayesahaulika katika masimulizi mengi ni Sid McCray, rafiki yao aliyekuwa mwimbaji wa kwanza, na ambaye ndiye aliyewaletea santuri za panki wakazisikiliza. McCray hakudumu, H.R. akachukua maikrofoni, na bendi ikajipa jina jipya lililotokana na wimbo wa Ramones, bendi ya panki ya New York. Kwa hiyo badiliko la kwanza la safu lilitokea kabla ya watu wa nje kuijua bendi yenyewe, na nadhani McCray anastahili heshima zaidi ya ile anayopewa, kwa kuwa bila santuri zake huenda wale wanne wangeendelea kupiga jazi isiyosikilizwa na mtu.

Ule msingi wa jazi haukupotea. Wenzao wengi walioanza panki walikuwa wanajifunza vyombo palepale jukwaani, ilhali hawa walikuwa mafundi tayari, na ndiyo sababu waliweza kupiga kwa kasi ya kutisha na bado wakasimama kwa pamoja kwenye pigo moja. Santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1980, ina wimbo wa takriban dakika moja na nusu ambao wengi wanauhesabu miongoni mwa nguzo za mtindo uliokuja kuitwa hadikoo, ambao ni panki iliyoharakishwa na kukazwa zaidi.

Mimi ni mpenzi wa rege na sijawahi kuelewa: bendi ya panki iliingiaje kwenye Urasta? (Msomaji, Mombasa)

Kabla ya Urasta kulikuwa na kitabu. Baba yake H.R. alimpa mwanawe kitabu cha Napoleon Hill cha mwaka 1937 kuhusu mafanikio ya mtu na namna anavyofikiri, na kutokana na hicho bendi ikapata herufi P.M.A., zenye maana ya mtazamo chanya wa akili, ambazo mashabiki wa hadikoo wanazichora kwenye nguo na ngozi zao hadi leo. Hilo peke yake liliwatenga na panki ya London iliyokuwa ikijigamba kwamba hakuna kesho. Kisha wakamwona Bob Marley akitumbuiza katika eneo la Washington, na kuanzia hapo imani ya Kirasta ikaingia kwenye maisha yao, kwenye mashairi yao, na hatimaye kwenye muziki wenyewe.

Kanda yao ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya ROIR mwaka 1982 katika umbo la kaseti pekee, yenye jalada la rangi ya njano linaloonyesha radi ikipiga kuba la Bunge la Marekani, ina nyimbo kumi na tano, na katikati ya zile nyimbo kali unakutana na rege iliyotulia, yenye besi nzito na nafasi kubwa kati ya pigo na pigo. Hawakuzichanganya aina hizo mbili ndani ya wimbo mmoja; walizipanga bega kwa bega, kila moja ikijitegemea. Naomba msomaji wa Mombasa alishike jambo hili, kwa maana ugomvi wote wa baadaye umefichwa humo: rege na hadikoo zilikaa katika kanda moja, lakini hazikukaa kwa amani ndani ya mtu mmoja.

Sitaacha kutaja upande usiopendeza. Mwaka 1982, huko Austin, Texas, wanabendi waligombana vikali na bendi ya Big Boys kwa sababu mwimbaji wake alikuwa shoga, na maneno yao ya siku hizo, waliyoyatetea kwa jina la imani, yaliwaharibia sifa kwa miaka mingi. Darryl Jenifer amesema baadaye kwamba anayajutia.

Kwa nini waliondoka Washington? (Msomaji, Nakuru)

Kumbi za Washington zilianza kuwafungia milango kwa sababu ya vurugu za watazamaji, jambo ambalo wao wenyewe walilitungia wimbo. Mwaka 1979 walijaribu kwenda Uingereza kwa mwaliko wa bendi ya The Damned, lakini walirudishwa walipofika huko, kwa kuwa hawakuwa na vibali vya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini wakahamia New York, ambako ukumbi wa CBGB uliwapokea vizuri.

H.R. aliondoka mara ngapi, na je, ni ulevi, ni fedha au ni ugomvi wa ndugu? (Wasomaji watatu, Dar es Salaam na Arusha)

Ukihesabu kila mara alipotangaza kuondoka, kila mara alipotoweka, na kila mara aliporudi studio bila kurudi jukwaani, utapata hesabu tofauti na ya jirani yako, kwa hiyo ni afadhali tuufuate mkondo wenyewe. Hata hivyo majibu matatu yaliyopendekezwa naona yote yanakosea shabaha. Ndugu wale wawili, H.R. na Earl, mara nyingi waliondoka pamoja, na si mmoja kumkimbia mwenzake. Waliobaki kwa kawaida walikuwa Dr. Know na Jenifer. Kwa hiyo ufa ulipita katikati ya bendi ukaigawa nusu kwa nusu: upande mmoja mwimbaji na mpiga dramu waliotaka rege, upande wa pili mpiga solo na mpiga besi waliotaka magitaa yanayonguruma.

Mwaka 1983 walitoa albamu ya pili, iliyotayarishwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, na haukupita muda mrefu bendi ikasimama. H.R. akaunda kundi la rege lililobeba jina la Human Rights, yaani haki za binadamu, na Earl akawa naye. Katika muziki wa dansi tumezoea kuona mwanamuziki akihama bendi kwa sababu bendi nyingine imemwahidi mshahara mnono; huyu alikuwa akihama kinyume chake, kutoka kwenye bendi iliyokuwa na jina kwenda kwenye kundi dogo lisilo na uhakika wa kipato, kwa kuwa aliamini kwamba muziki wa imani yake ndio aliopaswa kuuimba.

Walipatana, na mwaka 1986 kampuni ya SST ya California ikatoa albamu yao ya tatu, iliyotayarishwa na Ron Saint Germain. Hapo ndipo kuna kisa ambacho wasomaji wengi wamekisikia na wanadhani ni uzushi: wakati wa kurekodi, H.R. alikuwa gerezani kwa kosa linalohusu bangi, na wimbo mmoja wa albamu hiyo aliuimba kwa njia ya simu akiwa gerezani, sauti yake ikanaswa studio jinsi ilivyo. Si uzushi. Ukiusikiliza wimbo huo utagundua sauti ni nyembamba na ya mbali kuliko katika nyimbo nyingine, na kwa maoni yangu udhaifu huo umeufaa.

Albamu hiyo ingeweza kuwafikisha mbali sana, kwa kuwa hadikoo, metali na roki ya weusi vyote vilikutana ndani yake, na kampuni kubwa zilianza kugeuza shingo. Wakati huohuo H.R. na Earl wakarudi kwenye rege. Mwandishi anayetaka kumlaumu mtu ana nafasi nzuri ya kufanya hivyo hapa. Mimi naona kwamba mtu aliyeimba waziwazi, tangu kanda ya kwanza, kwamba anataka kuiacha Babiloni, yaani ulimwengu dhalimu kwa lugha ya Marasta, hakuwa amewaficha wenzake nia yake.

Nani waliimba wakati H.R. hayupo, na je, walifaa? (Msomaji, Zanzibar)

Wa kwanza alikuwa Taj Singleton, mwishoni mwa miaka ya themanini, pamoja na mpiga dramu Mackie Jayson aliyetoka katika bendi ya Cro-Mags ya New York. Bahati ya Singleton ilikuwa mbaya: albamu ya 1989 ilipokuwa ikiandaliwa, H.R. alirejea, na sauti inayosikika kwenye albamu hiyo ni ya H.R., ingawa anayepiga dramu ni Mackie.

Baadaye akaja Chuck Mosley, aliyekuwa ameondolewa katika bendi ya Faith No More. Alidumu kwa muda mfupi, hakuacha albamu nao, na sina mengi ya kusema juu yake.

Wa tatu ndiye wa kujadiliwa kwa uzito. Israel Joseph I, mzaliwa wa Trinidad, aliimba kwenye albamu ya mwaka 1993 iliyotolewa na kampuni kubwa ya Epic, akiwa na Dr. Know, Jenifer na Mackie. Ni mwimbaji mwenye uwezo, anayeijua rege na anayeweza kupaza sauti bila kuivunja, na wanaoidharau albamu ile kwa sababu tu haina H.R. wanamwonea. Tatizo liko kwingine. H.R. alikuwa na tabia ya kubadilisha sauti ndani ya mstari mmoja, kutoka kunong'ona hadi ukelele mwembamba hadi sauti nene ya kejeli, na magitaa ya Dr. Know yalikuwa yamejengwa kuacha nafasi kwa vituko hivyo. Mwimbaji nadhifu alipoingia, nafasi zile zikabaki tupu, na bendi ikasikika kama bendi nzuri ya metali ya miaka ya tisini, miongoni mwa bendi nyingine nyingi nzuri.

Je, wanne wa mwanzo walirudiana? (Msomaji, Bujumbura)

Walirudiana zaidi ya mara moja. Mwaka 1995 walirekodi chini ya Maverick, kampuni iliyokuwa mali ya Madonna, wakiwa tena na Ric Ocasek, lakini ziara iliyofuata ilikatika baada ya matukio ya vurugu yaliyomhusu H.R., na matumaini ya kibiashara yakaishia hapo. Kuanzia 1998 wanne haohao walizunguka kwa miaka kadhaa kwa jina la Soul Brains, kisha wakalirudia jina la zamani. Oktoba 2006, CBGB ilipokuwa inakaribia kufungwa kabisa, walikuwa miongoni mwa waliotumbuiza humo siku za mwisho, na mwaka uliofuata wakatoa albamu iliyotayarishwa na Adam Yauch wa Beastie Boys.

Jina hilo la mwisho linajibu pia swali la msomaji wa Kampala aliyetaka kujua kama Beastie Boys wana uhusiano wowote nao. Kabla ya kuwa marapa, Beastie Boys walianza mwaka 1981 wakiwa bendi ya hadikoo ya vijana wa New York waliokuwa wakiwatazama Bad Brains kama walimu wao. Yauch alifariki Mei 2012, na albamu ya Bad Brains iliyotoka Novemba mwaka huo ikatolewa kwa kumkumbuka.

Hali zao zikoje? (Msomaji huyohuyo wa Bujumbura)

Maradhi yamewafanya wapungue jukwaani kuliko ugomvi ulivyowahi kufanya. Novemba 2015 Dr. Know alilazwa hospitalini akiwa mahututi kutokana na tatizo la moyo, akapona. H.R. alisumbuliwa na aina adimu ya maumivu makali ya kichwa na akafanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 2017. Miezi michache kabla ya hapo bendi ilikuwa imependekezwa kuingizwa katika Jumba la Heshima la roki nchini Marekani, haikuchaguliwa. Katika miaka ya karibuni wamerudisha mikononi mwao haki za rekodi zao nyingi za zamani na kuzitoa upya.

Nianze na rekodi ipi? (Msomaji, Mwanza)

Anza na kanda ya 1982, hata kama ubora wa sauti ni duni, kwa kuwa hapo wanne wale wanasikika wakiwa bado wanakubaliana. Ukishaizoea, sikiliza albamu ya 1986, halafu uruke hadi ile ya 2007 ili usikie jinsi Earl anavyopiga dramu baada ya miaka mingi ya rege: amepunguza mapigo, na kila lililobaki lina uzito. Albamu ya Israel Joseph I iweke ya mwisho, na uisikilize bila kumtafuta H.R. ndani yake.