Mwambie mkeo usiku huu, na umwambie yote

Juzi nilipata ujumbe wa msomaji mmoja. Ana miaka 31, ameachishwa kazi Ijumaa bila dalili yoyote, na mkewe amejifungua wiki tatu zilizopita, mtoto wao wa kwanza. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, nimwambie sasa au nisubiri arobaini ipite?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Lakini angeniona mjuaji, maana hajui jibu hilo lilinigharimu nini. Kwa hiyo leo naeleza yangu, ambayo hapa sijawahi kuyagusa.

Nilikuwa ofisa takwimu kwenye mradi wa UKIMWI mkoani Iringa. Miaka sita. Kazi yangu kuhesabu: waliopima, walioanza dawa, walioacha, waliorudi. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mshahara wa kumtosha mtu mwenye watoto wawili wadogo, na fedha zote zilitoka Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump akaapishwa, na siku hiyohiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ijumaa ya wiki ileile likatoka agizo la kusitisha kazi. Jumatatu tukaitwa kikaoni, na kikao chenyewe hakikumaliza nusu saa. Tukarudisha kompyuta, vishikwambi, funguo za gari. Nilipomaliza kusaini fomu ya vifaa, mtu wa stoo akaniomba na kalamu, ilikuwa na nembo ya mradi. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Nyumbani nilisema jioni ileile. Hapo najisifu kidogo. "Mama Eliza, tumesimamishwa siku 90." Njiani kwenye bajaji nilishazihesabu: zinaishia tarehe 20 Aprili, Jumapili ya Pasaka yenyewe. Nilipomwambia hivyo akanyamaza, halafu akasema Mungu ana makusudi. Nikaitikia.

Mwisho wa Februari ikaja barua ya pili. Hiyo haikutaja siku 90. Mradi umefutwa, kwaheri. Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha ya vyeti vyangu ambayo pale nyumbani haifunguliwi na mtu mwingine, nikatoka nikamkuta mke wangu anachambua mchele, akaniuliza kuna jipya? Nikasema bado tunasubiri Pasaka.

Nilijiambia namlinda. Uongo mtupu, nilikuwa najilinda mwenyewe. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa napigiwa simu. Bati za mama, ada ya mdogo wangu, msiba ukitokea mimi ndiye naulizwa "tunafanyaje". Mwezi huohuo nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu. Mtu wa namna hiyo anaanzaje kusema kwamba hana kazi?

Basi nyumba nzima ikaendelea kuishi kama ya mtu aliye likizo. Dada wa kazi elfu sabini. Basi la shule la Eliza. Na kubwa kuliko yote, mwezi wa tatu mwenye nyumba wa Kihesa alitaka kodi ya miezi sita, laki tisa, nami nikalipa kwa tabasamu, nyumba ambayo nilijua kabisa sina uwezo nayo tena. Fedha niliichukua kikoba, milioni moja, riba asilimia kumi, na mke wangu hakujua.

Watoto je? Watu husema watoto wadogo hawaelewi. Baraka alikuwa na miaka mitatu. Kwake baba kuwepo nyumbani asubuhi maana yake ni Jumapili, na Jumapili kwetu ni chapati. Kila siku akiamka alikuja kusimama mlangoni: "Baba, leo Jumapili?" Siku ya kwanza tulicheka. Wiki ya tatu nilimfokea mpaka akajikojolea. Eliza, miaka mitano, alikuwa ameshajifunza kupita sebuleni kwa ncha za vidole nikiwa nimekaa. Hakufundishwa na mtu. Niliona siku moja anamshika mdogo wake mkono, kidole mdomoni, "shhh, baba yupo."

Sentensi ile bado inaniuma kuliko barua zote mbili.

Mke wangu aliijua habari kwenye kikao cha harusi, mbele ya soda na karanga. Mke wa mfanyakazi mwenzangu akamwambia, poleni jamani, na nyie barua ya kufutwa mliipataje, kwa meseji au kwa mkono? Akajibu, "Kwa mkono." Hakuniaibisha. Alirudi, akawalaza watoto, akachukua daftari la Eliza lenye picha za bata, akalifungua ukurasa wa nyuma na kuniwekea kalamu. "Haya, Baba Eliza, wewe si mtu wa takwimu? Nihesabie."

Tulihesabu mpaka saa saba usiku. Nilipofika kwenye kikoba mkono ulikuwa unatetemeka. Alipoona ile laki tisa ya kodi alishika kichwa. Kumbe mchezo wake wa sokoni, ule wa kuchangishana fedha na kupokezana, ulikuwa umemwangukia Februari, fedha ilikuwepo ndani, na kule Ipogolo shangazi yake alikuwa na vyumba viwili vitupu ambavyo tungehamia bila kulipa chochote mpaka tusimame. Angejua mapema, ule mkopo usingekuwepo.

Ndiyo maana nasema: mwambie. Mwambie leo, na usimwambie nusu kama mimi. Ukweli nusu ni mbaya kuliko kimya, kwa sababu mwenzako anapanga maisha juu yake.

Mengine ni madogo. Nenda NSSF mapema na barua yako. Ukiwa umechangia walau miezi 18 kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Mimi nilikwenda Mei kwa sababu nilikuwa naficha barua, na huwezi kuficha barua huku unaipeleka dirishani. Kama unaona umeachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ndani ya siku 30, nazo zinakwisha haraka ukiwa umelala. Usikope kulinda heshima. Na tena, mwambie mkeo.

Wanaume wenzangu, tumelelewa vibaya kwenye jambo hili. Tunadhani mke aliolewa na mshahara. Kisha mshahara ukiondoka tunageuka simba ndani ya nyumba, tunawafokea watoto wa miaka mitatu kwa kosa la kuuliza chapati. Omba msamaha kwa mtoto, hata kama hajui kuhesabu siku. Mimi niliomba. Na wale uliokuwa unawalipia, usiwasubiri. Kundi la harusi walinitoa uweka hazina kwanza, halafu kwenye kundi kabisa, na huyo binamu sikupata hata kadi yake. Nimemsamehe, ila naona bado nalitaja.

Leo nina steshenari ndogo karibu na chuo. Naprinti, nasajili TIN, najaza maombi ya mikopo ya wanafunzi, na wenye bahati nawatumia maombi ya ajira serikalini. Eliza yuko shule ya serikali, anakwenda kwa miguu. Wiki iliyopita nilimaliza rejesho la mwisho la kikoba, ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuandika.

Kuhusu arobaini: ndugu yangu, najua watakuambia mama aliyejifungua akishtuka maziwa yanakauka. Muombe mama yake au dada yake awepo jirani, ngoja mtoto ashibe alale, kaa chini kabisa, umwambie kwa tarakimu: tuna kiasi gani, tunadaiwa kiasi gani, kitatufikisha lini. Akilia, kaa hapohapo, usitoke kwenda kupunga upepo.

Nilimtumia maneno hayo jana saa nne usiku. Tiki mbili za bluu zilitokea, jibu bado.

Mama Eliza amesoma haya kabla sijayaweka. Amenisahihisha mahali pamoja tu: anasema kiasi sikukitaja, lakini nikiulizwa niseme mchezo wake ulikuwa laki nne na nusu, si laki nne kama ninavyopenda kuwaambia watu.