Maswali yenu: Tulihesabiwa, mbona zahanati haijaja?

Barua nyingi safari hii ni za sensa. Zile za posho za makarani nimeziweka kando. Mimi si mhasibu.

Tulihesabiwa 2012, tukahesabiwa tena 2022, na kijijini kwetu hakuna zahanati. Faida iko wapi? (Kahama)

Sensa haifyatui matofali, ndugu yangu. Tangu 2007 mpango wa serikali ulikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Vijiji ni maelfu, fungu halitoshi, kwa hiyo lazima wengine watangulie. Hapo ndipo hesabu yako inapofanya kazi, ila sharti apatikane wa kuisema. Matokeo ya 2022 yametolewa mpaka ngazi ya kata, na Zanzibar mpaka shehia. Katika mkutano wenu wa kijiji uliopita, nani alisimama na takwimu hizo mkononi? Au diwani alisema "wananchi wangu ni wengi sana" mkampigia makofi? "Wengi sana" haiandikiki kwenye bajeti. Nendeni kwa mtendaji wa kata mkaziombe. Akisema hana, mwulizeni mipango ya maendeleo huwa anaiandika kwa kutumia nini.

Ni mzaliwa wa Rombo, naishi Dar. Nihesabiwe wapi?

Ulipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Nimeshalijibu hili mara nne. Ukipanda basi kwenda kuhesabiwa "nyumbani", Rombo inapata mtu asiyekunywa maji yake, na mtaa wako unapangiwa maji pungufu.

Kwa nini hawaulizi dini na kabila?

Mara ya mwisho viliulizwa 1967. Mwaka 2012 wapo waliogoma kuhesabiwa kwa sababu swali la dini halikuwemo. Hawakuikomoa serikali, waliupunguza mtaa wao.

Karani aliniuliza choo, mifugo, mpaka simu. Si kodi hiyo inakuja? (Singida)

Hapana. Sheria ya Takwimu inakataza kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja. Kinachotangazwa ni jumla. Mimi naogopa zaidi uongo wa aibu. Mtu ana shimo lililozungushiwa magunia, akiulizwa anajibu "choo cha kisasa". Majirani nao wakijibu hivyo, kijiji kizima kinaonekana kimekamilika, na kipindupindu kikija mnashangaa kusahauliwa.

Wifi yangu ana mtoto asiyetembea. Karani alipokuja alimficha chumba cha uani. Nimwambieje?

Mwambie alimwibia mwanawe. Dodoso la 2022 liliuliza waziwazi kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, na ualbino pia. Kata ikionekana haina mtoto wa namna hiyo, nani atajenga njia ya kiti mwendo shuleni? Nani atamwomba mwalimu wa elimu maalumu? Na ninyi majirani mliokuwa mnajua mkanyamaza, msimwachie mama lawama peke yake. Huenda alichokuwa anakikimbia ni midomo yenu. Msingoje sensa nyingine. Mpelekeni mtoto kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri wiki hii, na wewe shangazi yake uende naye.

Sensa ijayo ni lini?

2002, 2012, 2022. Endelea mwenyewe.