Bilioni 61 au 69? Kusoma habari za ununuzi wa kampuni za teknolojia bila kuchanganywa na tarakimu

Swali: Nafuatilia habari za kampuni kubwa za teknolojia zinaponunuana. Broadcom ilipotangaza kuinunua VMware, chombo kimoja kiliandika dola bilioni 61, kingine bilioni 69. Kwa Twitter, nilisoma kwamba wanahisa wanalipwa asilimia 38 juu ya bei ya soko, lakini nilipopiga hesabu kwa bei ya siku ya mwisho kabla ya tangazo nikapata kama 11. Nataka kutengeneza jedwali la kulinganisha vyombo vya habari, ila nakwama kwenye tarakimu kabla hata sijafika kwenye maudhui. Nani amekosea, na nianzie wapi?

Jibu: Hakuna aliyekosea. Tarakimu zote nne ni sahihi. Kila moja inapima kitu chake, na kitu hicho mara nyingi hakisemwi kwenye kichwa cha habari. Ndiyo maana usianze kwa kulinganisha habari na habari. Anza na hati ya kampuni yenyewe, kisha ipime kila habari kwa hati hiyo.

Kwa kampuni iliyo kwenye soko la hisa la Marekani, tafuta fomu ya 8-K (taarifa ya tukio kubwa la kampuni) kwenye EDGAR, hifadhi ya nyaraka inayosomwa bure ya SEC, mdhibiti wa masoko ya hisa wa nchi hiyo. Fomu hiyo inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 4 za kazi baada ya mkataba kusainiwa. Kwa kawaida mkataba wenyewe ni kiambatisho namba 2.1, na taarifa kwa vyombo vya habari ni 99.1. Nakili bei ya kila hisa, namna ya malipo (taslimu, hisa au vyote viwili), jumla iliyotajwa, na hasa maneno yanayoizunguka hiyo jumla. Humo ndimo tofauti nyingi zinamoanzia.

Tangazo la Broadcom la tarehe 26 Mei 2022 lilitaja takriban dola bilioni 61 kwa ajili ya hisa za VMware, na kuongeza kwamba Broadcom itabeba pia deni la VMware la bilioni 8, baada ya kuondoa fedha taslimu zilizokuwemo. Jumlisha, unapata 69. Anayeandika 61 anakwambia wanahisa wanapata nini. Anayeandika 69 anakwambia biashara nzima inamgharimu nini mnunuzi.

Kampuni yenye fedha nyingi kuliko madeni hugeuza hesabu hiyo. Microsoft ilipotangaza kuinunua Activision Blizzard tarehe 18 Januari 2022 kwa dola 95 kwa hisa, taarifa yake ilisema bilioni 68.7, fedha za Activision zikiwa zimeshatolewa. Thamani ya hisa zenyewe ilikuwa kama bilioni 75, na vyombo vingine vikaichukua hiyo. Kwenye jedwali lako, basi, weka safu mbili za bei: thamani ya hisa, na thamani ya kampuni pamoja na deni ukitoa fedha taslimu. Chombo kisichosema kinatumia ipi, kiandikie alama. Hilo peke yake ni jambo la kulinganisha.

Kuna mtego mwingine kwa VMware. Nusu ya malipo ilikuwa hisa za Broadcom, 0.2520 kwa kila hisa moja ya VMware, kwa hiyo ile bilioni 61 ilikuwa thamani ya siku moja tu, ikifuata bei ya Broadcom ya tarehe 25 Mei. Ununuzi ulikamilika tarehe 22 Novemba 2023, hisa za Broadcom zikiwa zimepanda sana. Habari ya siku hiyo inayorudia 61 bila maelezo imenakiliwa kutoka kwenye habari ya zamani.

Sasa asilimia. Twitter ilikubali dola 54.20 kwa hisa tarehe 25 Aprili 2022. Tarehe 1 Aprili hisa ilifunga kwa dola 39.31, siku ya soko iliyofuata ikajulikana kwamba Elon Musk anamiliki karibu asilimia 9, bei ikaruka. Tarehe 22 Aprili ilifunga kwa 48.93. Gawanya 54.20 kwa 39.31, unapata nyongeza ya asilimia 38. Gawanya kwa 48.93, asilimia 11. Wenye kazi hii hutumia bei ya kabla ya habari kuvuja, na kwa maoni yangu ndiyo ya haki, kwa sababu bei ya 22 Aprili ilikuwa imeshameza matarajio ya ununuzi wenyewe. Chombo kinachotoa asilimia bila kutaja tarehe ya bei ya kulinganishia kimempa msomaji nusu ya taarifa.

Kwa kampuni ambayo haipo sokoni, hakuna bei ya jana, na hapo kila mwandishi huchagua kipimo chake. Adobe ilipotangaza Septemba 2022 kuinunua Figma kwa takriban dola bilioni 20, ungeweza kuandika kwamba hiyo ni mara mbili ya thamani iliyopewa Figma mwaka 2021, au ni mara 50 ya mapato ya mwaka ya dola milioni 400 yaliyotarajiwa. Bei ni ileile, lakini sentensi ya pili inauma zaidi. Andika kipimo alichochagua kila mmoja.

Kwenye vyanzo, hesabu vyanzo, usihesabu vyombo. Habari tano zinazosema "kwa mujibu wa Bloomberg" ni habari moja. Tazama saa ya kuchapishwa, kisha uone kama chombo cha pili kimethibitisha kwa watu wake au kimenukuu tu. Na usiweke safu za maoni, kama Lex ya Financial Times au Breakingviews ya Reuters, kwenye kundi moja na habari. Kazi yao ni kutoa hukumu.

Vitenzi vya wadhibiti navyo vikague kimoja kimoja. FTC, tume ya Marekani inayosimamia ushindani wa biashara, ilifungua kesi Desemba 2022 dhidi ya ununuzi wa Activision. Kufungua kesi si kuzuia. CMA, mamlaka ya ushindani ya Uingereza, ndiyo iliyozuia, tarehe 26 Aprili 2023, na bado mpango uliorekebishwa ukakamilika tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Ukitaka kipimo kisichotegemea lugha ya mwandishi, linganisha bei ya sokoni na bei ya ofa: siku ya tangazo Activision ilifunga kwa kama dola 82 dhidi ya ofa ya 95. Pengo la namna hiyo linaonyesha kwamba soko lilikuwa na mashaka makubwa, hata pale ambapo habari ziliandikwa kana kwamba mambo yamekwisha.

Hatua ya mwisho isubiri wiki kadhaa, hadi kampuni inayonunuliwa itume waraka wa kuwaomba wanahisa kura. Kwenye EDGAR huitwa DEFM14A. Ndani yake mna historia ya mazungumzo, tarehe kwa tarehe, pamoja na ofa zilizokataliwa. Rudi nao kwenye jedwali, uweke alama mbele ya kila dai lililotolewa na "watu wanaofahamu suala hilo": kweli, si kweli, au halikutajwa.