Msimbadilishe kocha kabla ya kupekua daftari lake

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama timu yenu ya mbio inashinda kwa sababu ya kocha au vipaji, maana mkuu wa shule anataka kumbadilisha kocha. Nakusihi, msiharakishe.

Tazama St. Patrick's, shule ya sekondari ya wavulana mjini Iten, Kenya. Mtawa Mkatoliki, Brother Colm O'Connell, alitoka Ayalandi mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia, bila kusomea ukocha. Vipaji alivikuta, tena mji uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mwinuko unaojenga pumzi ya wakimbiaji. Lakini shule za nyanda zile ni nyingi, na ni hapo alipopita Peter Rono, bingwa wa mita 1500 Olimpiki ya Seoul 1988, na Matthew Birir, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Mabingwa wake wamepandiwa miti uwanjani, kila mmoja na jina lake.

Kwenu, fungueni daftari ambamo kocha huandika muda wa kila mkimbiaji. Msiangalie nyota wenu. Huyo angekimbia hata peke yake. Mtafuteni yule aliyeingia kidato cha kwanza akiburura mkia. Kama sasa yumo kwenye kundi la mbele, na magoti yake ni mazima, hiyo ni kazi ya kocha.